Kipimo kilisema hana tatizo, mtoto akaendelea kuumwa

Saa tatu usiku, Jumamosi moja ya mwishoni mwa Julai, kibanda cha chipsi kilicho karibu na kituo cha daladala Mbagala, jijini Dar es Salaam, kilikuwa bado na wateja wanne. Mama mwenye kibanda alikuwa akigeuza mayai kwenye kikaango huku akimwita binti yake wa miaka 15 alete mifuko ya kufungia. Aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri chakula chake ndiye aliyechungulia nyuma ya kibanda.

"Mama, mbona mtoto kalala chini huku?"

Hakuwa amelala. Alikuwa amejikunyata kati ya gunia la mkaa na ndoo ya viazi, mkono umebana chini ya mbavu za kulia, jasho linamtiririka, ameuma pindo la kanga ili sauti isitoke. Saa moja kabla alikuwa amekula sahani ya chipsi mayai, chakula chake cha kila anapomsaidia mama yake kazi.

Mama huyo anasema kilichomuumiza zaidi si kumkuta mtoto katika hali ile. Ni kugundua kwamba mtoto alikuwa anajificha. Tena alikuwa anamficha yeye.

Majina ya familia hii yamehifadhiwa. Lakini yaliyowapata yanaweza kuipata familia yoyote yenye mtoto anayelalamika tumbo huku kila kipimo kikirudi na jibu kwamba hana kitu.

Dawa juu ya dawa

Maumivu yalianza Februari mwaka huo, wiki chache baada ya binti kuingia kidato cha pili. Yalikuwa yakimshika juu ya tumbo, pale wengi tunapopaita chembe ya moyo, kisha yanahamia kulia chini ya mbavu, na mara nyingine yanapanda hadi nyuma ya bega. Yalimkaa saa nzima, mara nyingine saa tatu. Yakiondoka, aliweza kukaa siku tano au wiki mbili akiwa mzima kabisa, anacheza netiboli.

Zahanati ya kwanza ilisema malaria. Ya pili ikasema taifodi. Machi ikawa UTI. Duka la dawa likatoa vidonge vya minyoo. Aprili alianzishiwa dawa za vidonda vya tumbo: wiki mbili za kuua bakteria, halafu miezi miwili ya vidonge vya kupunguza asidi. Maumivu hayakujali. Yalikuja kwa ratiba yake na kuondoka kwa ratiba yake.

Katikati ya hayo alipigwa ultrasaundi mara tatu, Aprili, Mei na Juni. Majibu yalifanana kama yamenakiliwa: ini la kawaida, kongosho la kawaida, figo za kawaida, mfuko wa nyongo hauna mawe.

"Hana kitu," mtaalamu wa kipimo alimwambia mama mara ya tatu, akimkabidhi karatasi.

Hilo neno "hana kitu" ndilo lililobadilisha mambo nyumbani. Baba, fundi seremala anayetoka alfajiri na kurudi usiku, alianza kusema mtoto anakwepa shule kwa sababu ya hesabu. Mwalimu wa malezi alipiga simu kuuliza kama kuna tatizo la kifamilia. Bibi aliyeko Rufiji alituma mizizi ya kuchemsha. Majirani nao walikuwa na hesabu zao: msichana wa umri ule, kichefuchefu, anashika tumbo, anakataa chakula.

Mama hakutaka kuyasikia maneno ya majirani, lakini yalimwingia. Jioni moja ya Juni alimchukua binti yake, wakapita mtaa wa pili ambako hawajulikani, wakaingia duka la dawa kununua kipimo cha mimba. Binti aliingia chooni na kikopo, akatoka, akakiweka mezani bila kumtazama mtu. Jibu lilikuwa hapana.

Walirudi nyumbani wakiwa wamefuatana, mmoja mbele, mwingine nyuma. Tangu siku hiyo binti hakusema tena kwamba tumbo linamuuma.

Mama alichukulia kimya kile kuwa ni nafuu. Aliwaambia hata ndugu kwamba zile dawa za vidonda zimefanya kazi. Ni mpaka usiku ule wa kibandani alipoelewa kwamba mtoto hakuwa amepona. Alikuwa ameacha tu kusema.

Simu ya wifi kutoka Texas

Siku ya pili yake, Jumapili, shangazi wa mtoto, dada wa baba anayeishi Texas, Marekani, alipiga simu ya kawaida ya kusalimia. Mama alimweleza yaliyotokea.

"Wifi, anaumwa upande gani?" shangazi aliuliza.

"Kulia. Chini ya mbavu. Na bega."

"Baada ya kula mafuta?"

Mama alinyamaza kidogo. Alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo, na hakuwahi kujiuliza. Kibanda chake kinalisha nyumba nzima, na chakula cha haraka kwa mtoto anayetoka shule kwenda kumsaidia mama ni kilekile kinachouzwa.

Shangazi akamwambia kwamba yeye mwenyewe miaka michache nyuma aliumwa hivyohivyo, ultrasaundi yake ikawa safi, mpaka alipopelekwa kupimwa namna mfuko wa nyongo unavyofanya kazi, siyo namna unavyoonekana. Ulikuwa haujikamui. Akafanyiwa upasuaji wa kuutoa.

"Sisemi ndicho alichonacho," alimaliza. "Nasema muulizeni daktari."

Mfuko unaokataa kujikamua

Aliyewahi kumpasua kuku anaujua mfuko wa nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikana na ini, ambacho mpishi hukitoa kwa uangalifu kisipasuke na kuifanya nyama iwe chungu. Wa binadamu una urefu wa sentimita 7 hadi 10 na kwa kawaida hubeba mililita 30 hadi 50, kiasi cha vijiko vitatu vya chakula.

Mfuko hautengenezi nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na kazi yake kubwa ni kusaidia kusaga mafuta. Mfuko ni ghala tu. Chakula chenye mafuta kikifika mwanzo wa utumbo mwembamba, mwili humwaga homoni iitwayo kolesistokinini kwenye damu. Homoni hiyo huuamuru mfuko ujikamue na huilegeza njia ya kutokea, ili nyongo iingie kwenye utumbo.

Ugonjwa unaojulikana zaidi wa mfuko huu ni mawe. Mawe huonekana vizuri kwenye ultrasaundi, na hapa Afrika Mashariki daktari akiyakuta kwa mtoto huuliza haraka kuhusu selimundu, kwa kuwa chembe nyekundu zinazovunjika ovyo huacha uchafu unaoganda na kuwa mawe. Lakini wapo watu, watu wazima na watoto, ambao hawana jiwe hata moja, kuta za mfuko hazijavimba, na bado wanapata maumivu yaleyale ya mawe. Kwao inadhaniwa tatizo ni mwendo. Amri ya kujikamua inafika, mfuko unajibana kidogo tu au unajibana vibaya.

Hapo ndipo ultrasaundi ya kawaida inapoweza kuipita. Mgonjwa huambiwa aje bila kula ili mfuko uwe umejaa na uonekane vizuri. Picha inayopatikana ni ya mfuko uliopumzika.

"Ni kama kukagua pampu ya maji ikiwa imezimwa," daktari bingwa wa mfumo wa chakula aliyemwona binti huyo Agosti alimweleza baba. "Utaona bomba ni zima na tangi ni zima. Hujui kama inasukuma."

Daftari la kurasa 48

Daktari hakuanza na kipimo. Alianza na maswali, na mengi alimuuliza mtoto mwenyewe, akimwomba mama asimsaidie kujibu. Yanaanza wapi? Yanapanda taratibu au yanakuja ghafla? Yakifika kileleni yanakaa muda gani? Ukienda haja kubwa yanapungua? Ukigeuka upande mwingine je?

Kisha akamtuma nyumbani na daftari. Kwa wiki nne aandike kila alichokula, saa maumivu yalipoanza, saa yalipoisha, na alikuwa anafanya nini. Binti alinunua daftari la kurasa 48, lile la jedwali la kuzidisha nyuma, na akaliandika kwa uaminifu ambao mama yake hakuutarajia.

Maswali yale hayakuwa ya kubahatisha. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari wa mfumo wa chakula duniani, vinavyoitwa vigezo vya Roma, vilivyopitiwa upya mwaka 2016, vinataka maumivu yawe juu ya tumbo katikati au kulia, yapande hadi kiwango kimoja na kukaa hapo kwa dakika 30 au zaidi, yaje kwa vipindi visivyolingana na siyo kila siku, na yawe makali kiasi cha kumsimamisha mtu shughuli zake au kumpeleka hospitali. Tena yasiwe maumivu yanayotulia kwa kwenda chooni, kwa kubadili mkao au kwa dawa za asidi.

Daftari lilikuwa na mashambulizi saba katika wiki nne. Matano yalifuata chipsi, sambusa au maandazi. Moja lilimwamsha saa nane usiku. Fupi kuliko yote lilikuwa la dakika 50.

Hata hivyo daktari hakusema bado kwamba ni mfuko wa nyongo. Alipima damu kuangalia ini na kongosho. Alipima choo kuangalia minyoo, kwa sababu mnyoo mkubwa wa tumboni unaweza kupanda na kuingia kwenye njia ya nyongo. Alipima selimundu. Alimpitisha mpira wenye kamera kuangalia umio, tumbo na mwanzo wa utumbo. Hakukuwa na kidonda. Vyote vilirudi vizuri.

Safari hii "vizuri" haikumaanisha mwisho wa safari. Kila kilichoondolewa kwenye orodha kiliacha vichache vya kutafuta.

Maziwa, mayai mawili na saa moja

Kipimo kinachotegemewa zaidi kwa tatizo hili ni cha kamera ya nyuklia. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo aina ya teknesiamu. Ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo, na kamera hufuatilia inavyojaa kwenye mfuko. Baada ya hapo mgonjwa hupewa homoni ya kolesistokinini iliyotengenezwa maabara, polepole kwenye mshipa kwa dakika 60, na kompyuta hupiga hesabu ya kiasi kilichotoka. Kwa utaratibu huo, mfuko unaofanya kazi unatakiwa utoe angalau asilimia 38. Baadhi ya hospitali hutumia mpaka wa 35.

Kamera za nyuklia zipo nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, lakini si kifaa cha kila hospitali, na homoni ile si dawa ya kuikuta dukani. Daktari akawapa njia nyingine ambayo haina viwango vilivyokubalika sawasawa kila mahali, lakini hutumika pale ya kwanza isipopatikana: ultrasaundi kabla na baada ya chakula chenye mafuta.

Kwanza alimwachisha dawa ya kulegeza misuli ya tumbo aliyokuwa akimeza kila akiumwa. Dawa za aina hiyo, pamoja na dawa kali za maumivu, zinaweza kuulegeza mfuko au kuuzuia kujikamua, na mtu mzima akaonekana mgonjwa.

Siku ya kipimo binti alikuja bila kula. Mfuko ulipimwa urefu, upana na kina: mililita 28. Akapewa glasi mbili za maziwa yenye mafuta na mayai mawili ya kukaanga ambayo mama aliyapika alfajiri. Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Baada ya saa moja akarudi kitandani. Mililita 23.

Mfuko ulikuwa umetoa chini ya moja ya tano ya ulichobeba. Wakiwa bado mapokezini, maumivu yakaanza, palepale na vilevile.

Wiki mbili baadaye walirudia. Daktari alisema namba moja haitoshi, kwa kuwa hata watu wasioumwa hukutwa na mfuko mvivu siku fulani. Jibu la pili lilikaribiana na la kwanza.

Kisu au subira?

Shangazi alidhani hapo kazi imekwisha. Baba naye alidhani hivyo. Daktari ndiye aliyewapunguza kasi.

Aliwaeleza kwamba ushahidi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1991 madaktari wa Australia walichapisha utafiti wa watu wazima 21 wenye maumivu haya na mifuko isiyojikamua. Kwa kupigiwa kura, 11 walifanyiwa upasuaji na 10 hawakufanyiwa. Waliopasuliwa, 10 walipona na mmoja akapata nafuu. Wasiopasuliwa wote waliendelea kuumwa. Ni matokeo mazuri sana, lakini ni watu 21.

Kwa watoto picha haijanyooka. Tafiti ndogo zilizowafuatilia zimekuta wengi waliotolewa mfuko wakipata nafuu, lakini zimekuta pia waliosubiri bila kisu nao wakipata nafuu baada ya mwaka au miwili. Marekani, ambako upasuaji wa aina hii hufanyika sana kuliko nchi nyingine nyingi, madaktari wenyewe bado wanabishana kama unafanywa kupita kiasi.

Usiku ule mama alimpigia wifi yake na kumuuliza swali ambalo hakuwa amemuuliza mwanzo.

"Wewe ulipona?"

Shangazi alichelewa kujibu. "Nusu, wifi. Yale makali yaliondoka. Lakini mengine yalirudi, na ikaonekana ni ya utumbo, siyo nyongo. Ningejua mapema ningeuliza zaidi kabla ya kukubali."

Wakaamua kusubiri. Kuanzia Septemba binti aliacha vya kukaanga. Mama alianza kumpikia pembeni: ugali, mchicha usiokolea nazi, maharage, samaki wa kuchemsha, matunda. Mashambulizi yalipungua kutoka saba kwa mwezi hadi manne. Hayakuisha. Uzito, uliokuwa kilo 51 mwanzoni mwa mwaka, ulifika 45, kwa sababu mtoto alianza kuogopa chakula chochote. Novemba alifanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na siku ya somo la Kiswahili alitoka kabla ya muda akiwa ameshika ubavu.

Wiki iliyofuata walirudi kwa daktari, safari hii akiwepo na daktari wa upasuaji. Aliwaeleza hatari bila kuzipamba: kutoka damu, maambukizi, na lile wanaloliogopa zaidi madaktari wa upasuaji, kuumiza mrija mkuu wa nyongo, jambo linalotokea kwa wagonjwa wapatao 3 hadi 5 katika kila 1,000. Akaeleza pia kwamba wapo wanaotolewa mfuko na maumivu yakabaki.

Kisha akamgeukia binti na kumuuliza kama ana swali. Alikuwa nalo moja.

"Nikitolewa, halafu nikaumwa tena, mtaniamini?"

Daktari alisema ndiyo, na kwamba ataliandika kwenye faili. Mama hakusema neno. Alikuwa anatazama sakafu.

Njiwa wa bibi

Fedha zilitoka sehemu nne: kikoba cha mama, mtaji wa viazi na mafuta wa wiki mbili, mkopo wa baba kwa tajiri yake, na kilichotumwa na shangazi. Kibanda kilifungwa kwa siku tisa.

Bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Alipiga simu usiku akiuliza mtu ataishije bila nyongo. Mama alimweleza alivyoelezwa: nyongo inabaki, kwa kuwa ini linaendelea kuitengeneza. Kinachoondoka ni ghala. Nyongo itachuruzika moja kwa moja kwenye utumbo badala ya kukusanywa. Watu wameishi hivyo tangu mwaka 1882, Carl Langenbuch alipoutoa mfuko wa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin. Tena wapo wanyama wanaozaliwa bila mfuko huo kabisa: farasi, tembo, hata njiwa.

Bibi, ambaye amefuga na kuchinja njiwa maisha yake yote, alikaa kimya kidogo. "Kumbe ndiyo maana sijawahi kuikuta," alisema. Asubuhi yake akapanda basi kuja Dar es Salaam.

Upasuaji ulifanyika katikati ya Desemba, likizoni. Siku hizi hauhitaji kupasua tumbo zima. Mjerumani Erich Mühe alianza kuutoa mfuko kwa njia ya matundu mwaka 1985, na njia hiyo imeenea duniani. Binti alitobolewa matundu manne madogo. Tumbo likajazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili kupata nafasi, kamera ikaingia tundu moja na vifaa yaliyobaki. Aliruhusiwa siku iliyofuata, akilalamika bega kuliko tumbo, jambo ambalo husababishwa na ile gesi.

Maabara ilipoukata mfuko haikukuta jiwe. Ilikuta kuta zenye dalili za kusumbuliwa kwa muda mrefu. Mama aliisoma karatasi ile mara mbili. Ilikuwa ya kwanza katika miezi kumi isiyosema kwamba mtoto wake hana kitu.

Mzazi, zingatia haya

Si kila mtoto anayeumwa tumbo ana tatizo la mfuko wa nyongo. Wengi hawana. Na si kila mfuko mvivu unahitaji kisu. Lakini kabla ya kumwita mtoto mwongo, anza na daftari: alikula nini, iliuma wapi, kwa muda gani, nini kilisaidia. Mpelekee daktari. Litamsaidia kuliko rundo la vipimo vinavyofanana.

Mtoto akiambiwa hana kitu, uliza kipimo kimeangalia nini na hakikuangalia nini. Ukishauriwa upasuaji, uliza ni yapi yameondolewa kwenye orodha, uwezekano wa maumivu kubaki ni upi, na kitatokea nini mkisubiri kwa muda. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Usisubiri daftari wala miadi iwapo macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi au choo kimekuwa cheupe, ana homa na kutetemeka, anatapika bila kukoma, au maumivu yamepita saa kadhaa bila kupungua. Hapo ni hospitali, usiku huohuo.

Ukurasa wa mwisho

Wiki za kwanza choo kilikuwa laini, kisha kikatulia. Kufikia Machi binti alikuwa amerudi kilo 50. Yuko kidato cha tatu na amerudi kwenye netiboli. Mama alimwomba msamaha kwa lile la duka la dawa siku ya pili baada ya upasuaji, bibi akiwa ametoka kuchukua uji. Binti alisema alishasahau. Mama anajua hakusahau, na hakumlazimisha kusema zaidi.

Jioni moja ya Aprili, kibandani, foleni ikiwa ndefu, binti aliweka chini kisu cha kumenyea viazi.

"Mama, linauma."

Alisema kwa sauti, mbele ya wateja. Mama aliteremsha kikaango, akamwambia kijana wa kwanza kwenye foleni asubiri au aende kwa jirani, akakaa naye kwenye ndoo iliyogeuzwa nyuma ya kibanda. Wawili hao walikaa wakitazama saa ya simu. Maumivu yaliisha baada ya dakika kumi. Hayakurudi usiku ule, wala wiki ile.

Binti alilitoa daftari lake na kuandika saa, chakula na dakika kumi. Bado lina kurasa sita.